Damu Ikinyamaza, Shimo Bado Lipo

"Daktari, damu imekata yenyewe, sasa ni wiki ya tatu. Mbona bado unataka kunipasua?"

Swali hili naulizwa karibu kila siku ya kliniki, na ni swali la haki kabisa. Anayeuliza mara nyingi alimaliza dawa za kifua kikuu miaka kadhaa nyuma, akaambiwa amepona, akarudi kazini. Kisha asubuhi moja akahisi vuguvugu linapanda kifuani, koo likamtekenya, akakohoa damu nyekundu mbichi. Ikakata. Baada ya miezi ikarudi, safari hii nyingi zaidi.

Kifua kikuu kweli kilipona. Kilichobaki ni shimo, mara nyingi upande wa juu wa pafu, lenye kuta ngumu za kovu zisizoweza kujisafisha. Vijimbegu vya fangasi aina ya aspagilasi tunavivuta sote kila siku bila kudhurika, lakini vikiingia humo vinapata makao. Fangasi hukua na kufanya donge, na kwenye picha ya CT unaliona limekaa kama mpira ndani ya chungu, juu yake mwezi mwandamo wa hewa. Mgonjwa akigeuka, nalo linabingirika. Nimeyatoa mengi kwa mikono yangu: ya kahawia, yamelowa, ukiyabana yanamomonyoka kati ya vidole.

Pafu hupata damu kwa njia mbili. Njia kubwa hupeleka damu ikachukue oksijeni, na shinikizo lake ni dogo. Njia ndogo ni ateri za bronkasi, yaani mishipa inayolisha njia za hewa, zinazochipuka kutoka aota, mshipa mkuu utokao moyoni, na kubeba shinikizo lile lile tunalolipima mkononi. Uvimbe wa muda mrefu huzinenepesha ateri hizi, zikajipinda na kutandaa kwenye ukuta wa shimo. Wagonjwa wengi damu yao hutoka hapo. Wachache hutokwa na damu kwenye ateri kuu ya pafu yenyewe, tawi lake likiwa limetuna ukutani mwa shimo kama alivyoeleza daktari Rasmussen wa Denmark mwaka 1868.

Watu hudhani hatari ni kuishiwa damu. Anayekohoa damu nyingi huzama kabla hajaishiwa. Njia za hewa za mtu mzima hubeba takriban mililita 150 tu, hata kikombe cha chai hakijai. Ndiyo maana namfundisha kila mgonjwa wangu, na ndugu anayelala naye nyumba moja: damu ikianza, lala kwa ubavu wa upande wenye shimo, ili pafu lenye afya libaki juu na kavu, kisha hospitali mara moja, hata ikikata njiani.

Hospitalini, mara nyingi hatukimbilii kisu. Mtaalamu wa mionzi hupitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya kinenani hadi zile za bronkasi, akaziziba kwa chembechembe ndogo. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, kwa sababu mara nyingine tawi linalolisha uti wa mgongo hutoka hapo hapo, na likizibwa mgonjwa anaweza kupooza. Damu hukata kwa wengi. Lakini shimo na donge vimebaki, na mwili huchipusha mishipa mingine kutoka mbavuni, kwapani, hata chini ya mtulinga. Kwa mwenye donge la fangasi, kurudi kwa damu ni jambo la kutarajia.

Kwa hiyo namjibu mgonjwa wangu: nataka kukupasua sasa kwa sababu damu imenyamaza. Kumpasua mtu anayetokwa na damu, hata pafu lenye afya limeshaingiliwa na damu, ni hatari mara nyingi zaidi. Kipindi cha utulivu nakitumia kupima makohozi nione kama kifua kikuu kimerudi, kupima nguvu ya pumzi, na kumlisha. Hili la chakula nalisisitiza mno, maana aliyekonda hachelewi kufumuka mshono wa bronkasi.

Upasuaji wenyewe si mwepesi. Kwanza mtaalamu wa usingizi huweka mrija wa njia mbili, kila pafu na njia yake, damu isivuke. Tukifungua kati ya mbavu, pafu lenye afya huachana na ukuta wa kifua lenyewe. Hili limegandamana nao kama ukoko wa chungu kikongwe, na kila uzi wa kovu una mshipa ndani yake. Naenda taratibu, nachoma, nafunga, pengine nabandua ngozi yote ya ndani ya kifua pamoja na pafu. Karibu na mishipa ya mkono natumia saa nzima kusogea sentimita chache. Kukata sehemu yenyewe ya pafu yenye shimo baada ya hapo ni kazi fupi.

Kuna ambao pumzi zao haziruhusu kupoteza hata kipande. Kwao nafungua shimo, natoa donge, naziba matundu ya hewa, kisha najaza nafasi kwa msuli wa mgongoni ukiwa bado na mshipa wake wa damu. Shimo likijaa nyama hai, fangasi hana pa kukaa.

Baadaye mirija ya kifua hubaki hadi hewa iache kutoka na pafu lililobaki litanuke kujaza nafasi. Hapa mazoezi ya pumzi ni lazima, hata kidonda kikiuma. Nafasi ikibaki tupu hujaa maji, kisha usaha. Siku za mwanzo mgonjwa atakohoa damu kidogo, nyeusi, iliyoganda. Hiyo ni ya zamani, inatoka tu. Akiona nyekundu mbichi, au akikohoa maji mengi ya ghafla yenye chumvichumvi, alale kwa ubavu uliopasuliwa na arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.