Hofu ya utotoni huacha nini mwilini

Mtoto anayelala akitega sikio mlangoni, akisoma kwenye vishindo vya miguu kama aliyerudi amelewa au la, mwili wake haupumziki. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kuukabili hatari mwili, mapigo ya moyo huenda mbio, sukari hupanda kwenye damu. Hatari ikipita, mwili hutulia. Kwa mtoto huyu haipiti, inarudi kesho na keshokutwa.

Msongo wa namna hiyo ukidumu miaka, presha huweza kuzoea kukaa juu. Kinga ya mwili nayo hubaki vitani hata pasipo vijidudu, na vita hivyo huumiza mishipa ya damu. Ubongo unaokua hujifunza kuogopa upesi na kutulia kwa shida.

Katika miaka ya 1980 huko San Diego, Marekani, daktari Vincent Felitti aliona jambo la kushangaza katika kliniki ya unene: walioacha matibabu wengi walikuwa wanapungua vizuri. Alipowahoji, wengi walisimulia kudhalilishwa kingono utotoni. Kwa baadhi yao, kula kulikuwa njia ya kujikinga na maumivu hayo. Mwaka 1998 yeye, mtafiti Robert Anda na wenzao walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila, kama vile kupigwa, kuona mama akipigwa au kuishi na mlevi, walikuwa katika hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiopitia lolote. Magonjwa ya moyo, mapafu na ini nayo yaliongezeka kadiri madhila yalivyoongezeka.

Ndiyo maana napinga kumkaripia mgonjwa anayeshindwa kuacha sigara au pombe. Kwanza aulizwe, kwa upole na faraghani, inamsaidia kustahimili nini.

Hatari si hukumu. Wengi waliopitia haya wana afya njema. Mtoto mwenye hata mtu mzima mmoja wa kumtegemea, awe bibi, mwalimu au jirani, mwili wake hupata nafasi ya kutulia. Kwa mtu mzima, tiba ya mazungumzo, usingizi wa kutosha na mazoezi husaidia. Ukienda kupima presha au sukari, mweleze daktari na uliyoyapitia, kwa kiasi unachoweza.