Namba kwenye chuma: yanayosemwa Goma kuhusu wakaguzi wa silaha, na yalivyo

“Wakaguzi wa silaha ni wale wa MONUSCO.”

Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, gari lolote jeupe lenye herufi UN huitwa MONUSCO, na mkanganyiko huanzia hapo. MONUSCO ni walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Mbali nao kuna kikosi cha pamoja cha uhakiki cha nchi za Maziwa Makuu, kilichoanzishwa 2012 chini ya CIRGL, jumuiya ya nchi hizo, na kuwekwa Goma. Maofisa wake wanatoka katika majeshi ya nchi wanachama, nao huchunguza madai ya mipakani. Wanaofuatilia silaha kwa ajili ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa ni wengine kabisa: Kundi la Wataalamu, lililoundwa kwa azimio 1533 la Baraza la Usalama la Machi 2004. Ni watu sita tu.

Hao sita hawana askari wala amri ya kuvunja kufuli la depo, yaani ghala la silaha. Wanaomba kuonyeshwa. Wakikataliwa, wanaandika kwamba wamekataliwa, na ripoti inaenda kwa Kamati ya vikwazo kisha kwa Baraza la Usalama. Nguvu yao ni karatasi. Michael Sharp na Zaida Catalán, wataalamu wawili wa kundi hilo, walikuwa kwenye pikipiki za kukodi walipouawa Kasaï, katikati mwa Kongo, mnamo Machi 2017. Anayewafikiria kama kikosi cha makomando hajui wanavyosafiri.

Wapo pia wanaosema ripoti zao ni maneno ya mtaani. Kipimo wanachojiwekea ni vyanzo vitatu vya kuaminika visivyotegemeana kwa kila jambo. Ndiyo maana mambo ambayo Goma nzima inayajua huchelewa kuonekana kwenye ripoti, au hayaonekani kabisa.

“Kongo imekatazwa kununua silaha.”

Hilo ni la zamani. Azimio 1493 la Julai 2003 liliyalenga makundi yenye silaha ya mikoa ya mashariki, Kivu zote mbili na Ituri. Mwaka 2005 azimio 1596 lilipanua vikwazo hadi nchi nzima. Machi 2008, azimio 1807 likaitoa serikali kifungoni, lakini muuzaji alitakiwa kuiarifu Kamati kabla ya kupeleka mzigo. Sharti hilo nalo liliondolewa na azimio 2667 la Desemba 2022. Kilichobaki ni marufuku ya kuyapatia silaha makundi yasiyo ya serikali, yawe yanapigana na Kinshasa au yanaisaidia.

“Bunduki ni ya Kichina, basi China ndiyo iliyoleta.”

Hapa ndipo watu wengi hupotea, hata waandishi wa habari. Alama ya kiwanda inakuambia chuma kilizaliwa wapi. Haisemi kilipita mikono ya nani. Bunduki aina ya AK huweza kuishi miaka 40 na kubadili jeshi mara nne. Mkaguzi anatafuta mnunuzi wa kwanza halali, kisha anauliza: mali ilitoka vipi mikononi mwake?

Anaanza na picha: bunduki nzima upande wa kushoto, nzima upande wa kulia, kisha kila alama kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Anaandika namba kama ilivyo, pamoja na herufi zake na alama iliyo mbele yake, kwa mfano namba iliyozungukwa na pembetatu. Halafu barua inakwenda kwa nchi iliyotengeneza. Chini ya mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 2005 kuhusu kufuatilia silaha ndogo, kumbukumbu za utengenezaji zinatakiwa kutunzwa angalau miaka 30, na za kuingiza na kutoa nchini miaka 20. Mapatano hayo hayamfungi mtu kisheria, kwa hiyo jibu huweza kuchukua miezi, au lisije.

Barua nyingi hufa kwa makosa madogo. Mtu anaandika 7.62 akidhani ni namba ya bunduki, kumbe ni kipenyo cha risasi. Mwingine ananakili namba fupi ya kifuniko cha juu, kumbe kifuniko kilitolewa kwenye bunduki nyingine. Namba ya kuaminika ni ile ya mwili wa bunduki wenyewe. Herufi O inasomwa sifuri. Au namba imekwanguliwa, na mkwaruzo huo nao ni habari: kuna aliyetaka isisomwe.

Masasi, yaani risasi, ni shida zaidi, maana hayana namba moja moja, na mapatano ya 2005 hayayagusi. Kitako cha ganda kina msimbo wa kiwanda na mwaka tu, tena mara nyingi tarakimu mbili za mwisho. Maelfu ya maganda yanafanana kama mapacha. Namba ya toleo, ile inayoweza kumtaja mnunuzi, imechapwa kwenye kasha. Kwa hiyo mbao za kasha zilizotupwa msituni zina thamani kuliko gunia la maganda, nazo ndizo zinazochomwa kwanza kupikia maharagwe.

“Kila kinachoruka ni misile.”

Goma neno ni moja tu kwa vyote, bombe. Kombora la mota (mzinga mfupi) la milimita 120 linapanda juu na kuanguka kilomita chache mbele. Roketi ya milimita 122 huenda kama kilomita 20, haina kichwa cha kujiongoza, inafuata ilikoelekezwa. Misile ndiyo inayojiongoza. Zile za begani za kutungulia ndege, zenye uzito wa kilo 15 hivi, ndizo zinazowanyima wakaguzi usingizi: Strela-2M, kwa mfano, hufika urefu wa mita 2,300 tu, lakini kila ndege hupita hapo inapopaa na kutua. Boeing 727 iliyotunguliwa karibu na Kindu tarehe 10 Oktoba 1998 iliua watu 41. Kwa aina hii, mkaguzi huhesabu bomba na mshikio wa kufyatulia kila kimoja kwa namba yake, kwa kuwa kimoja kikikosekana deponi, kuna mahali kinapotafuta mwenzake.

 

“Nikiokota kipande nitawasaidia wakaguzi.”

Hapana. Mkia wa kombora ukihamishwa hata mita 50, pembe uliyoingilia imepotea, na pamoja nayo upande ulikotoka. Kisichopasuka ni kibaya zaidi, kwa sababu fuzi yake, kile kifaa cha kulipulia, huenda ilishaamka ikabaki kusubiri mtikisiko. Rudi ulikokanyaga, weka mawe au matawi kwa mbali kuwaonya wengine, zuia watoto, uwaarifu viongozi wa mtaa au wateguaji wa mabomu. Na simu ibaki mfukoni kama kuna wenye silaha karibu.