Kayaki ya Kubeba Begini: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, ikiwa ni ya kujaza hewa, ikiguswa na mwiba tu, umezama." Hofu hii humfanya mtu anunue ya plastiki ngumu, kisha ahangaike nayo stendi ya Kisumu kondakta akitazama keria na kutikisa kichwa. Kayaki nzuri ya hewa ina angalau vyumba vitatu visivyoingiliana: mbavu mbili (mirija ya pembeni) na sakafu. Kimoja kikitoboka, vilivyobaki vinakurudisha ufuoni. Miiba ya migunga kule Naivasha hutoboa kweli, kwa hiyo ijaze juu ya turubai na uinyanyue hadi majini, usiiburute.

Adui mkubwa ni jua. Ijaze asubuhi hewa ikiwa nyuzi 20, geji isome psi 3 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa). Iache juani Dunga, ufuoni Kisumu, hadi hewa ya ndani ifike nyuzi 50: geji itapanda hadi karibu 4.6, na mishono iliyotengenezwa kuhimili psi 3 huanza kuachia. Ukitoka majini punguza hewa kwanza, chai baadaye. Kinyume chake, ikiingia maji baridi hulegea, basi ongeza pampu chache kabla ya kwenda mbali.

"Ikitoboka, fundi wa pancha yupo." Yupo, lakini gundi yake ni ya mpira wa tairi, haishiki PVC, plastiki laini ya kayaki hizi. Beba gundi ya PVC na viraka vya kitambaa kilekile. Toa hewa yote, kwaruza kidogo kwa msasa, futa kwa asetoni, kausha. Kiraka kivuke tundu kwa sentimita 3 hadi 5 kila upande. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, ngoja inate, kandamiza, uiache siku nzima. Wengi huijaza baada ya saa moja, halafu wanalaumu gundi.

"Nyepesi ndiyo bora." Kilo zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za kayaki tupu. Ongeza pampu, kasia, pezi (la chini, la kuinyoosha kayaki majini) na jaketi la kuokolea, kisha pima begi zima. Isitoshe, kayaki nyepesi yenye mbavu zilizoinuka juu bila pezi hupeperushwa kama jani. Kisumu upepo wa ziwani huvuma mchana na kuinua mawimbi, hivyo toka mapema. Na hakuna kayaki, nyepesi wala nzito, inayomhimili kiboko: kaa mbali na mafunjo.

"Yenye matundu ya kutolea maji sakafuni ni salama kuliko zote." Kwenye mto wenye kasi, sawa. Ziwani matundu hayohayo huingiza maji na kukuketisha ndani yake, na Victoria ina kichocho. Chagua yenye vizibo.

"Nitaikausha nikifika nyumbani." Ikikunjwa mbichi hushika ukungu ndani ya siku chache. Pia vipande vya gugumaji hujificha chini ya kiti. Vitoe kabla hujaihamishia ziwa jingine.