Linux imegoma kuingia? Kabla hujarudia, angalia imekwamia wapi

Watu wengi wanaoanza Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows), ikigoma tu wanarudia kuinstoo upya, wanarudia tena, mwisho wanasema hii kompyuta haitaki Linux. Jamani, mi naomba jambo moja, kabla hujarudia chochote angalia imekwamia hatua gani, maana kila hatua ina ugonjwa wake na dawa yake.

Ikianza vizuri alafu ikafa katikati na maneno ya squashfs error, mara nyingi ni faili la ISO (lile la Linux unaloshusha mtandaoni) lililoshuka vibaya au flashi imechoka. Lipime hilo faili kwa sha256sum, amri inayotoa alama ya utambulisho wa faili, zile herufi na namba 64 zifanane zote na zilizoandikwa pale ulipolichukua, hata moja ikipishana futa ushushe jingine. Na usilikopi kwenye flashi kama unavyokopi picha, liandike kwa programu ya Rufus au balenaEtcher.

Skrini nyeusi ndo inayotisha watu kuliko zote, unachagua kwenye menyu alafu giza, feni inazunguka tu. Hapo mshuku kwanza kadi ya grafiki, hasa Nvidia. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka) bonyeza e, shuka mpaka mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika nomodeset (inaiambia Linux isitumie kwanza draiva ya kadi ya grafiki), alafu F10. Hiyo inafanya kazi mara hiyo moja tu, haiharibu kitu. Picha ikija ushajua mgonjwa ni nani, maliza kuinstoo ndo uweke draiva yake.

Kuna pale diski haionekani kabisa. Kwenye laptop nyingi za Intel ni kwa sababu kwenye BIOS (setingi za kompyuta kabla mfumo haujawaka) diski imewekwa mtindo wa RST au RAID badala ya AHCI, na wengi wanaambiwa "badilisha tu", hapo ndo naumia, kwa sababu kama Windows bado imo inaweza kugoma kuwaka. Hifadhi mafaili yako kwanza, uwe na ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) mkononi, na Windows uiandae iwake kwa sefu modi kabla ya kugusa hiyo setingi.

Na kama imemaliza vizuri ila ukiwasha inaenda Windows moja kwa moja, Linux yako ipo, haijapotea. Ingia BIOS uangalie mpangilio wa kubuti. Kama Linux haimo, washa na ile flashi, fungua terminali uandike ls /sys/firmware/efi, ikikujibu hakuna folda kama hiyo ujue flashi iliwaka kwa mtindo wa zamani wakati Windows za siku hizi karibu zote zinatumia UEFI, mtindo mpya wa kuwasha kompyuta. Iwashe kwa UEFI, urudishe GRUB tu, mafaili hayaguswi.

Ukishindwa kabisa omba msaada, lakini piga picha skrini nzima yenye kosa, sio kusema "imegoma", maana mistari miwili mitatu ya juu yake ndo mara nyingi inataja chanzo.