Mkihama nchi, Kiswahili msikiache uwanja wa ndege

Wiki iliyopita nililetewa ujumbe wa sauti wa dakika nne na baba mmoja ambaye familia yake ilihama Tabata mwezi wa nane kwenda Uingereza, kufuata kazi ya mkewe. Dakika tatu za mwanzo ni salamu na habari za baridi. Ya nne ndiyo yenyewe: "Mwalimu, sisi tumeshaamua. Nyumbani sasa ni Kiingereza tupu. Mtoto tumempiga marufuku Kiswahili mpaka kwanza ashike lugha ya shule." Nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikaenda kuchemsha chai.

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu. Mimi ni mshauri wa wanafunzi hapa Dar, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni familia zinazoondoka: watu wa balozi, wa mashirika ya kimataifa, madaktari, na wanaokwenda kusomea uzamivu wakabeba nyumba nzima. Wanakuja ofisini Mikocheni na mafaili ya ripoti za shule, wanauliza ada, sare, viza. La lugha hawaulizi. Wanafika nalo limeshaamuliwa, na mara nyingi aliyeliamua ni shemeji anayeishi Houston.

"Tuache Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kiingie"

Kichwa cha mtoto si dumu la lita tano, kwamba ukitaka kutia mafuta lazima umwage maji kwanza. Naanza na hili na nitakaa nalo, maana mengine yote yanarekebishika ndani ya muhula mmoja. Hili likiharibika, mnakuja kulirekebisha miaka kumi baadaye.

Huyo baba wa Tabata namfahamu. Kwa Kiswahili ni mtu wa masimulizi. Akianza kueleza alivyokimbizwa na mbwa Kimara enzi zake za ukonda, hata anayekaanga samaki anaacha karai likiungua. Sasa kwenye ujumbe uleule, nyuma ya sauti yake, nilimsikia akimwita mwanawe mezani: "Come. Eat. Finish your food." Kwisha. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya chakula cha jioni. Mbwa wa Kimara kabaki Kimara, kwa sababu baba hana Kiingereza cha kumkimbizia.

Hiyo ndiyo hasara ambayo wazazi hawaioni. Mtoto wa miaka sita, saba, anajenga akili yake kwa sentensi ndefu: kwa nini, ingekuwaje, halafu, ijapokuwa, ungejuaje. Anazipata kwa mtu anayeimudu lugha mpaka anaweza kuichezea. Ukimwondolea Kiswahili chako chenye methali, utani na vitendawili ukampa Kiingereza chako cha kuombea kibali cha kazi, lugha ya pili hujamwongezea. Umempunguzia mzazi. Kiingereza anakipata shuleni saa sita kwa siku, bure, kwa mwalimu aliyezaliwa nacho na watoto ishirini na tano wanaomsahihisha bila huruma. Kiswahili huko alikokwenda kinatoka kwa watu wawili tu, nao wamejipiga marufuku wenyewe.

Na msiniambie eti lugha mbili zitamchanganya. Watoto wa Moshi na Bukoba wamekua na mbili, wakaja mjini wakaongeza ya tatu, na hakuna aliyepelekwa hospitali. Kuchanganya maneno katika sentensi moja ni hatua ya kawaida, inapita.

Anachokijua kwa Kiswahili hakipotei akivuka mpaka. Mtoto aliyetumwa dukani robo ya sukari na aliyegawana nusu chapati na dada yake hahitaji kufundishwa sehemu za hesabu upya. Anahitaji majina mapya ya sehemu hizo tu. Kusoma ni vilevile. Aliyekwisha kushika ba-be-bi-bo-bu ameshaelewa siri kubwa kuliko zote, kwamba alama hii kwenye karatasi ni sauti ile mdomoni. Tahajia ya Kiingereza itamsumbua, inasumbua hata wenyewe, lakini mlango ameshaufungua. Ndiyo maana mzazi akiniambia mtoto yuko darasa la kwanza na safari ni baada ya miezi minne, namwambia miezi hiyo minne itumike kumalizia kusoma Kiswahili. Wengi wanatoka ofisini wamenuna. Walitaka namba ya mwalimu wa tuisheni ya Kiingereza.

Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada ambaye kazi yake juu ya jambo hili imetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alitenganisha vitu viwili ambavyo wazazi wanavikoroga pamoja: lugha ya uwanjani na lugha ya daftarini. Ya uwanjani mtoto huishika kwa miaka miwili hivi. Ya daftarini, ile ya kueleza kwa nini maji huvukizwa au kulinganisha wahusika wawili wa hadithi, huchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenyeji. Hapo katikati pana mtego. Mwaka wa pili mzazi anamsikia mtoto anabishana na wenzake kwa lafudhi ya Manchester, anapumua, anasema tumefika. Mwaka wa nne sayansi inaanza kudai sentensi nzito, alama zinashuka, na mwenye hatia anatafutwa. Lawama linaangukia Kiswahili, ambacho kwa wakati huo kimeshakufa ndani ya nyumba.

Kinachonichekesha, kama ni kicheko, ni Sweden. Kule sheria ya shule inamruhusu mtoto kudai masomo ya lugha ya kwao shuleni. Moja ya masharti ni kwamba lugha hiyo iwe ndiyo inayotumika kila siku nyumbani. Kwa hiyo unakinyamazisha Kiswahili nyumbani kwako ili kumfurahisha mwalimu, na kwa kufanya hivyo unaifuta haki ambayo serikali ya mwalimu huyohuyo ilikuwa tayari kuigharamia.

Tena mikataba huisha. Familia moja ilirudi Desemba baada ya miaka minne nje, mtoto sasa ana miaka tisa. Nilialikwa Magomeni kwa bibi yake, pilau na wageni. Bibi akamshika mashavu: "Mjukuu wangu, hujambo? Umekuwa mkubwa hivi! Ulikuwa unanikumbuka?" Mtoto akageuka kumtazama mama yake, akisubiri tafsiri. Bibi akacheka kidogo, akamwachia mashavu, akasema: "Basi mwambieni nimemwona." Januari mtoto huyo alianza tuisheni ya Kiswahili Mbezi Beach, kwa malipo ya saa.

Dawa yangu ni ileile, wanaonijua wameichoka. Chakula cha jioni kiwe Kiswahili, kila siku, hata kama mtoto anajibu kwa Kiingereza. Msimgombeze, ninyi endeleeni. Kazi ya shule ijadiliwe kwa Kiswahili, iandikwe kwa lugha ya shule. Kila Ijumaa bibi atume ujumbe wa sauti wenye swali, mtoto ajibu kwa sauti yake mwenyewe, si mama kujibu kwa niaba. Na kwenye sanduku muweke vitabu viwili vya Kiswahili vya darasa lake, vile vya Taasisi ya Elimu. Ni vyembamba, havizidi uzito wa dagaa mnaobeba.

Yule baba nilimjibu yote haya kwa ujumbe mrefu kuliko wake. Tiki mbili za bluu zipo. Jibu bado.

Mengine, kwa kifupi

"Hesabu zimemshinda." Kabla hamjalia, muulizeni saa ngapi. Mama mmoja aliitwa shuleni huko Marekani kwa sababu binti yake alimwambia mwalimu kwamba nyumbani kwao Dar alikuwa akiamka saa kumi na mbili na kufika shule saa mbili. Mwalimu akaelewa saa sita za usiku na saa nane za usiku, akaanza kuuliza mambo ya malezi. Mtoto alikuwa ametafsiri namba kama zilivyo, kwa saa yetu inayoanza kuhesabu asubuhi kunapokucha. Nunueni saa ya ukutani ya bei rahisi Kariakoo, mfundisheni saa ya kwao na saa yetu kabla ya kupanda ndege, na mwalimu wake mpya mwelezeni siku ya kwanza.

"Wetu amesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, hana shida." Ana shida ya kinyume, na ni watoto hawa ninaowahurumia zaidi kwa sababu hakuna anayewatazama. Anajua Kiingereza cha usanisinuru na cha sehemu za ua, hajui cha kuomba pasi ya mpira wala cha kujibu mtu aliyemtania. Darasani anapata vema, wakati wa mapumziko anasimama ukutani na sandwichi. Anaongea kama kitabu, na watoto wanamcheka. Hapa hakuna tuisheni. Mtafutieni timu ya mpira, kwaya, skauti, popote watoto wanapogombana kwa Kiingereza.

"Miezi miwili haongei shuleni, ana tatizo." Kama nyumbani anaropoka mpaka mnamwomba anyamaze, anasikiliza tu huko shuleni. Anaweka akiba. Baadhi hukaa hivyo wiki kadhaa, baadhi miezi. Mnaponitia wasiwasi ni pale ukimya unapomfuata hadi nyumbani, au anapoacha kula na kucheza. Na huyo mtoto akiwa amelelewa vizuri, mwambieni mwalimu kwamba kutazama chini mkubwa anapomsemesha ni adabu kwetu. Wenzetu huko hufikiri anaficha kitu.

"Wamemrusha darasa, ana akili sana." Hawajamrusha. England humpanga mtoto kwa umri, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Agosti, na mwaka wao wa kwanza huanza mtoto akiwa na miaka mitano. Wa darasa la tatu hapa anaweza kujikuta mwaka wa nne kule bila mtihani wowote. Ile ripoti ya "wa 3 kati ya 48" mliyoifanyia laminesheni haitawashangaza. Ipelekeni, lakini msiisubirie makofi.

"Tumalize mwaka Desemba ndipo tuondoke." Inasikika vizuri kwa sababu kalenda yetu inaanza Januari. Kwa wanaokwenda Ulaya au Amerika Kaskazini maana yake ni kumtupa mtoto katikati ya mwaka wa masomo, kwenye giza la saa kumi jioni, wakati marafiki wameshachaguana tangu Septemba. Kama mwajiri anawapa hiari, ondokeni Julai, mpeni wiki chache za kuzunguka mtaa. Afrika Kusini na Australia ni kinyume, kule mwaka huanza Januari kama kwetu.

"Shule ya msingi Ulaya ni michezo tu." Waulizeni waliopeleka mtoto wa miaka tisa Ujerumani. Katika majimbo mengi watoto hugawanywa kwenda aina tofauti za sekondari baada ya darasa la nne; Berlin na Brandenburg husubiri hadi la sita. Unayekwenda na mtoto wa darasa la tatu, uliza jimbo kabla hujauliza kodi ya nyumba.

"Nairobi si nje." Ni nje. Kiswahili chake sanifu kitawachekesha wenzake wenye Sheng, na hesabu zitakuja kwa Kiingereza. Mwandaeni kama mngemwandaa kwenda mbali.

"Wameona chanjo zetu ni feki." Hili huja na hasira, kwa hiyo nalieleza polepole. Ratiba yetu humpa mtoto chanjo ya surua na rubella akiwa na miezi 9 na miezi 18. Marekani, karibu majimbo yote hudai pia kinga ya matumbwitumbwi, ambayo kwenye ile yetu haimo, na dozi yoyote ya surua iliyotolewa kabla ya miezi 12 hawaihesabu. Mtoto atachomwa tena hata kama kadi yake ina mihuri yote, na shule inaweza kumzuia kuanza darasa mpaka hilo liwekwe sawa. Kadi ya kliniki basi muitafsiri hapahapa Dar, mpige picha kila ukurasa, na yenyewe ikae kwenye mkoba wa mkononi. Mwaka jana kuna walioiweka kwenye sanduku, sanduku likaenda Addis peke yake, na mtoto akaanza shule akiwa amechelewa wiki tatu.