"Lekker" si ladha ya chakula tu
Wengi wanaojifunza Kiholanzi huamini kwamba lekker maana yake ni "kitamu" tu, na mahali pake ni mezani. Ndiyo maana ya kwanza wanayofundishwa, na ni sahihi. Lakini Waholanzi husema pia lekker weer, hali ya hewa ya kupendeza. Slaap lekker, lala unono. Na ik voel me niet lekker, sijisikii vizuri. Kwetu tunaosema "usingizi mtamu" na "sauti tamu", upana huo si mgeni hata kidogo. Ila tahadhari: ukimwita mtu lekker, utaeleweka kuwa unamtamani. Fungua kamusi ya Kiholanzi kwa Kiholanzi, usome mifano yote chini ya neno hilo, usiishie ule wa kwanza.