Stika moja, mashine mbili: dhana potofu kuhusu laptopu za gemu za bei ya kati

Julai iliyopita, katika ile baridi ya asubuhi inayowafanya watu wa Mbeya waongee mikono ikiwa mfukoni, mama mmoja kutoka Rungwe aliingia kwenye ofisi yangu ndogo pale Kabwe na mwanawe anayesoma chuo hapa mjini. Walikuja na laptopu mbili, ya kijana mwenyewe na ya rafiki yake aliyekubali kuiazima kwa siku moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeuza parachichi za msimu mzima kununua hiki kitu. Cha mwenzake kinakwenda, cha kwetu kinakwamakwama, na vyote vimeandikwa sawasawa. Tumeibiwa?"

Kabla ya kuwasha chochote niligeuza chaja zao na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Ya rafiki: volti 20, ampea 11.5. Ya kijana wetu: volti 19.5, ampea 7.7. Ukizidisha unapata wati 230 huku na wati 150 kule. Na stika zote mbili, pale pembeni mwa kibodi, zilisema RTX 4060, jina la kadi ya picha, ile sehemu inayochora gemu. Hakuna aliyeibiwa. Lakini kuna jambo ambalo mama yule hakuambiwa dukani, na pesa yake yote ilikuwa imelalia hapo. Naandika kwa sababu wanaokuja na kilio hicho hicho hawaishi.

"Kadi zikiwa na jina moja, nguvu ni moja"

Dhana hii inaumiza kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

NVIDIA, kampuni inayobuni kadi hizi, inapotoa RTX 4060 ya laptopu, inamwachia mtengenezaji wa laptopu aamue kadi hiyo ipewe umeme kiasi gani, kuanzia wati 35 hadi 115, na baadhi huongezewa kidogo pale prosesa, yaani ubongo wa laptopu, inapokuwa haina kazi nyingi. Chipu haibadiliki: kori (vitengo vidogo vya kukokotoa) 3,072 na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Ila ile ya wati 45 na ile ya wati 115 ni kama malori mawili ya injini moja yanayopanda Kitonga, moja likiwa limebanwa mafuta. Yanapoanza bondeni huwezi kuyatofautisha. Nusu ya mlima utajua.

Ndiyo maana 4060 iliyobanwa kwenye wati 45 inaweza kupitwa na 4050, kadi iliyo chini yake kwa jina na kwa bei, kama hiyo 4050 imeachiwa wati 90. Wakati huohuo usikimbilie wati bila kipimo. 4060 ikishavuka wati 100 hivi, kila wati ya ziada inaleta faida ndogo sana na joto jingi. Mimi mwenyewe ningechagua mashine ya wati 90 hadi 100 yenye upoozaji mzuri kuliko ya 115 inayounguruma kama mashine ya kusaga.

Zamani kadi zilizopunguzwa nguvu ziliandikwa Max-Q, mnunuzi akajua. Tangu kizazi cha RTX 30, mwaka 2021, jina hilo halitenganishi tena kadi na kadi, kwa hiyo kazi ya kutafuta imekuwa yako. Inachukua dakika moja: fungua paneli ya NVIDIA iliyomo ndani ya laptopu, ingia kwenye taarifa za mfumo, shuka hadi kwenye kikomo cha wati. Muuzaji akikataa kuiwasha ili uone, rudi nyumbani na pesa yako. Na kama laptopu haiko mbele yako, mwombe akupigie picha ya nyuma ya chaja. Chaja haikupi wati za kadi moja kwa moja, lakini mtengenezaji haweki chaja ya wati 150 kwenye mashine anayotaka itumie wati 200.

Dhana hii ina ndugu yake, kwamba kadi ya laptopu ni sawa na ya kompyuta ya mezani yenye namba ileile. RTX 4070 ya mezani ina kori 5,888 na gigabaiti 12. Ya laptopu ina kori 4,608 na gigabaiti 8. Video uliyoitazama ukavutiwa, angalia kwanza ilipimwa kwenye ipi.

"Mbeya kuna baridi, laptopu haiwezi kuchemka huku"

Nimeisikia kwa wanafunzi, nimeisikia kwa mafundi wenzangu. Baridi inasaidia, sikatai. Hewa ya nyuzi 15 inaondoa joto vizuri kuliko hewa ya nyuzi 30 ya Dar es Salaam. Lakini Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Feni inazunguka vilevile na inasukuma ujazo uleule, ila ndani ya ujazo huo hewa yenyewe ni pungufu, na hewa ndiyo inayobeba joto. Baridi inatupa kwa mkono huu, mwinuko unachukua kwa mkono ule. Hakuna hatari yoyote, maana watengenezaji wengi wanaruhusu laptopu zao zitumike hadi karibu mita 3,000. Lakini usinunue mashine yenye upoozaji dhaifu ukitegemea hali ya hewa ikusaidie.

Halafu baridi yetu ina tabia yake: inatuingiza kitandani. Kijana anajifunika blanketi, anaiweka laptopu juu ya mapaja, anacheza hadi usiku wa manane. Karibu laptopu zote za gemu huvuta hewa kutoka chini. Blanketi likiziba matundu hayo, mashine inakosa pumzi na feni zinaanza kunyonya nyuzinyuzi.

Nilipofungua skrubu za kifuniko cha ile laptopu ya kijana wa Rungwe, na ilikuwa na miezi minane tu, nilikuta kati ya feni na mapezi ya shaba tabaka la kijivu lililoshikamana kama kipande cha kofia ya sufi. Nililibana kwa koleo dogo likatoka zima, nikamwekea kiganjani. Nusu vumbi la kiangazi, nusu manyoya ya blanketi. Lilikuwa limeziba upande mmoja karibu wote.

Hapo lazima niseme na kinyume chake, maana wengine wanaogopa kupita kiasi. Kuona prosesa imefika nyuzi 90 haina maana kwamba inaungua. Prosesa nyingi za laptopu za gemu zimewekewa kikomo cha nyuzi 95 hadi 100, na zikikikaribia zinapunguza mwendo zenyewe ili zisidhurike. Swali la kuuliza si "imefika nyuzi ngapi?" bali "baada ya nusu saa bado inatoa fremu zilezile, yaani picha zilezile kwa sekunde?" Jaribio la dakika tano dukani halikuambii kitu, kwa sababu ndani ya dakika tano vyuma bado havijashiba joto. Kaa nayo nusu saa. Andika fremu za mwanzo, andika za mwisho. Zikishuka sana, hiyo ndiyo kasi yake halisi, na ile ya mwanzo isahau.

"i7 inaishinda i5"

Hizi ni prosesa za Intel, na i7 inaishinda i5 ya mwaka wake na ya daraja lake. Core i7-1165G7 ya mwaka 2020 ina kori 4, ilitengenezwa kwa laptopu nyembamba za ofisini. Core i5-12500H ya mwaka 2022 ina kori 12, nne kubwa na nane ndogo. Kwenye gemu hizo mbili hata hazikaribiani, ila mteja anaona saba ni kubwa kuliko tano na anaongeza laki mbili kwa furaha. Soma namba nzima na herufi ya mwisho. H, HS na HX ndizo zinazoruhusiwa kula umeme wa kutosha.

Kwa AMD, kampuni nyingine ya prosesa, tazama tarakimu ya tatu katika mfululizo wa 7000. Ryzen 5 7640HS, yenye 4 pale katikati, ni ya usanifu, yaani muundo wa ndani, wa Zen 4. Ryzen 5 7535HS, yenye 3, ni ya usanifu wa nyuma yake, ingawa zote zinaanza na 7. Si mbaya, mradi usiilipie bei ya Zen 4.

"Gigabaiti nyingi za kadi ndiyo kasi"

Gigabaiti za kadi ni ukubwa wa ghala, si upana wa barabara. RTX 2050 na RTX 3050 ya kwanza zina kori 2,048 kila moja na gigabaiti 4 kila moja. Tofauti ni njia ya kumbukumbu: 2050 ina biti 64, 3050 ina biti 128. Ghala ni lilelile, ila kwa mmoja magari yanapishana na kwa mwingine yanasubiriana. Nimewaona wateja wakiuziwa 2050 kwa sifa za 3050.

Ghala nalo lina umuhimu wake. Kwa magemu mapya, gigabaiti 4 zimekuwa finyu na utalazimika kushusha ubora wa picha. Anayenunua leo ili akae nayo chuo kizima aanzie 6, na akiweza 8.

Kuhusu RAM ya kawaida, kumbukumbu ya kazi ya laptopu nzima, nina malalamiko. Laptopu nyingi za bei ya kati hufika sokoni na kipande kimoja tu cha gigabaiti 8 au 16, na nafasi ya pili iko wazi. Kipande kimoja kinafanya kazi kwa njia moja, viwili vinafanya kazi kwa njia mbili, na magemu yanayoitegemea sana prosesa huonyesha tofauti hiyo waziwazi. Ya kijana wetu ilikuwa na kipande kimoja cha 8. Hapo palikuwa na sehemu ya kukwama kwake.

"Betri kubwa itaniokoa umeme ukikatika"

Hapana. Betri za daraja hili mara nyingi ni kati ya wati-saa 50 na 60. Mashine ikila wati 150 kama inavyokula ikiwa kwenye chaja, wati-saa 60 zingeisha ndani ya dakika 24. Ndiyo maana laptopu yenyewe, chaja ikichomolewa, inashusha nguvu ya kadi na ya prosesa. Umeme ukikatika utaandika kazi ya chuo kwa saa kadhaa. Gemu litakuwa la kuvutavuta.

Na wale wanaochomoa chaja wakati wa kucheza kwa kuogopa kuua betri wanajinyima bure. Mashine hizi zimetengenezwa kuchezwa zikiwa zimechomekwa. Kinachozeesha betri ni joto na kukaa asilimia 100 siku zote, na dawa yake ipo kwenye programu ya mtengenezaji: weka chaji ikomee asilimia 80.

"Hertsi 144 ni kioo kizuri"

Hertsi 144 ni ahadi kwamba picha itabadilika kila baada ya milisekunde 6.9. Kama nukta za kioo zinahitaji milisekunde 20 kugeuka rangi, picha inayokimbia itaacha mkia. Vioo vya bei nafuu vina ugonjwa mwingine pia, rangi zilizofifia, na kwenye karatasi ya maelezo utaona vimeandikwa asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha wingi wa rangi, na mwanga wa niti 250. Tafuta palipoandikwa asilimia 100 ya sRGB, kipimo kingine cha rangi, na niti 300. Usipoiona karatasi, fungua picha ya nyanya zilizoiva. Kama zinaelekea rangi ya chungwa, umeshaona. Kwa anayesomea usanifu wa majengo au anayehariri picha, mimi naona kioo kina uzito kuliko hata kadi.

SSD, ghala la mafaili la laptopu, ikiwa ya kasi zaidi inafupisha kusubiri gemu lifunguke. Haiongezi fremu. Taa za rangi kwenye kibodi hazina kazi yoyote.

Kuhusu gamba, watu wanadhani bati ni imara na plastiki ni takataka. Mimi nazifungua na kuzifunga, na kinachovunjika mara nyingi ni mahali bawaba inapofungwa kwenye gamba, liwe la nini. Fungua kifuniko kwa mkono mmoja, polepole. Kama kona ya chini inapanda au inalia, mashine hiyo ya kilo mbili na nusu, ikipanda bajaji kila siku kutoka Iyunga hadi Mwanjelwa ndani ya begi la mgongoni, haitamaliza miaka miwili.

Mashine ya kijana niliisafisha, nikabadilisha krimu inayopitisha joto kutoka kwenye chipu, nikaongeza kipande cha pili cha RAM, nikainyanyua nyuma kwa vizibo viwili vya chupa. Ilikuwa imeachwa kwenye hali ya ukimya, nikaiweka kwenye hali ya kazi nzito. Tuliicheza nusu saa, sisi watatu tukiitazama, na fremu hazikushuka tena. Mama akauliza kama sasa itafika ya mwenzake.

"Haitafika, mama. Kikomo cha kadi hii ni wati 75, na hicho sikiwezi."

Alinyamaza kidogo, akamtazama mwanawe, kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi mambo ya kuuliza dukani. Ana binti anayemaliza kidato cha sita mwakani.